Pua ya Baba

Homa ilimrudishia baba kila kitu
isipokuwa pua.
Alitoka hospitali ya Cádiz
akanusa kahawa, akanusa dagaa wa kukaanga,
akanusa shati langu,
akasema, "Casilda, dunia imeoshwa."
Kisha akaniapisha nisimwambie mtu.

Maana pua ndiyo ilikuwa jembe lake.
Miaka arobaini na mmoja alipita kati ya mapipa
akitumbukiza kikombe chembamba cha fimbo ndefu
katikati ya utando wa chachu, ule tunaouita ua,
taratibu,
kama anayefunua shuka na mtoto amelala.
Ananusa. Anatia chaki:
mstari mmoja, pipa jema;
mstari na nukta, lina shaka;
mviringo, hili linaelekea siki, Mungu atusaidie.

Tangu homa, mistari ni yangu.
Naingia alfajiri kabla ya vibarua,
nanusa, nakohoa mara moja au mbili,
naye nyuma yangu anaandika.
Hata Eulogio fundi mapipa hakujua,
na Eulogio hujua kila paka mwenye mimba
katika Sanlúcar nzima.

Shambani hakuhitaji pua.
Udongo wetu mweupe; ukiutembelea mchana wa Julai
unakunja uso kama uliyeambiwa uongo.
Baada ya mavuno tunauchimba vijishimo vya mraba
kati ya safu za mizabibu,
mvua ya baridi iingie, izame, ingoje.
Tangu Mei hakuna tone. Mizabibu hunywa akiba.

Agosti ile Levante ulivuma siku tisa,
upepo mkavu wa mashariki
unaomfanya jirani mwema akumbuke deni la babu yako.
Zabibu za upande wa barabara zilikauka zikining'inia.
Baba aliweka kichala sikioni, akakiminya.
"Hizi tumempa upepo.
Za upande wa mto, vuneni usiku, kwa taa."

Tulipata nusu.

Ndiyo maana Oktoba alipokuja Bwana Olabarri,
mnunuzi, kutoka Bilbao, viatu vyake havijui vumbi,
mimi nilikuwa benki
nikiomba siku kumi nyingine.
Nilirudi mbio. Nikawakuta
wamesimama mbele ya safu ya chini, safu ya wazee,
ile tusiyoimaliza kamwe:
tukiteka humo kidogo, tunajazia kutoka safu ya juu yake,
na hiyo kutoka iliyo juu yake tena,
na juu kabisa divai ya mwaka huu, bado inagugumia.

Bilauri ilikuwa tayari puani mwa baba.
Kukohoa kusingefaa kitu.

Akafumba macho, akasema:
"Tufaa bichi, limekatwa kwa kisu cha chuma.
Lozi, na ngozi yake.
Ukuta wa chokaa
unaponyeshewa mara ya kwanza."

Niliyatambua maneno.
Ndiyo aliyonisimulia kitandani nikiwa mdogo,
kila nilipouliza divai ya mwaka niliozaliwa
ilinukaje.

Olabarri akanusa. Akanyamaza.
Akavua miwani, akanusa tena.
"Ukuta," akasema. "Kweli. Ukuta."

Nikamnyang'anya baba bilauri
nikiwa nimeshatunga uongo wa kumwokoa,
nikaishusha pua yangu humo:
tufaa,
lozi,
chokaa iliyolowa.

Baba akachukua chaki
akatia mstari bila kunisubiri,
umepinda kidogo.

Jioni tukipanda mtaa kwenda nyumbani
aliuliza, mikono nyuma,
"Niambie. Nilikosea wapi?"
"Chumvi," nikasema. "Umeisahau chumvi."
Akasimama palepale,
akajipiga paja,
ameudhika kweli,
na hadi mlangoni hakunisemesha.